Dawa ya Siku ya Kumi na Nane

Kajuju alianza kulichukia jina la Kuno siku mumewe, Gitobu, alipolamba kidole.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, na kuku aliyekuwa mezani Gitobu alikuwa amemnunua mwenyewe kwa Kuno, nyumba ya tatu kutoka kwao, hapo hapo mtaani Bulla Pesa, Isiolo. Alimnunua bila kuona haya, kana kwamba nyuma ya jikoni yake hapakuwa na kuku themanini wa mkewe mwenyewe. Akala paja, akala kidari, akalamba kidole gumba, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi kortini, "Hii kuku iko na nyama. Si hizi zingine za mifupa mifupa."

Kajuju aliinuka akaenda kuosha sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Msimcheke haraka. Huyu mwanamke ndiye aliyeleta mashine ya kwanza ya kuangulia vifaranga katika mtaa ule, miaka kumi na miwili iliyopita, wakati watu wakidhani ni kabati la kukaushia nguo. Stima ilipopotea aliweka taa za mafuta ya taa chini ya mashine na kukaa macho akizilinda kama anayelinda wagonjwa. Hakuna aliyemfundisha. Alichoma mayai, akayagandisha, akalia, akaanza upya, mpaka siku moja akatoa vifaranga mia moja na sitini kwenye mayai mia mbili na mtaa mzima ukaja kuchungulia. Tangu hapo hakuwa Kajuju tena. Alikuwa Mama Vifaranga, na jina hilo alilipenda kuliko hata lile alilobatizwa.

Kuno alikuwa mwanafunzi wake. Hilo ndilo lililouma. Angekuwa mgeni kutoka Nairobi na shahada zake, Kajuju angemwita mwizi wa biashara na kulala usingizi wake. Lakini Kuno alikuja kwake akiwa na miaka kumi na tisa, ametoka Garbatulla baada ya ukame kumaliza mbuzi wa baba yake, na hakujua kuku ana vidole vingapi. Kwao mifugo ni ngamia, ng'ombe na mbuzi. Kuku ni ndege tu anayezurura uani. Mama yake aliposikia binti ameajiriwa kulea kuku, alicheka kwenye simu mpaka Kajuju akamsikia kutoka upande wa pili wa chumba.

Kajuju ndiye aliyemshika mkono yule msichana akamwonyesha yai likimulikwa na tochi, mishipa yake myembamba myekundu, na kitu cheusi kikirukaruka katikati. "Hiyo ni moyo," alimwambia. Kuno akatoa machozi. Kwa miaka minne aligeuza mayai, akaosha trei, akasikiliza vifaranga wakigonga maganda kutoka ndani, na kila asubuhi aliingia na salamu ile ile: "Salaam aleikum, mama. Watoto wamelalaje?" Watoto wakiwa ni mayai.

Kisha akaenda kwenye mafunzo ya ufugaji, wiki mbili tu, na akarudi na jambo la ajabu kinywani.

"Mama, kifaranga anaweza kulishwa kabla hajatoka."

"Alishwe na nani? Na mdomo gani?"

"Siku ya kumi na nane, zikibaki tatu atoke. Ule upande mnene wa yai, pale kwa hewa. Unatoboa kashimo kadogo, unatia tone la maji ya majani ya mlonge, unaziba. Kifaranga akikaribia kutoka, yeye huvunja ile ngozi ya ndani na kunywa. Akitoka, tumbo yake imeshajua kazi. Anakula mapema, anakua mbio."

Kajuju alicheka mpaka akashika mbavu. Kumlisha ambaye hajazaliwa! Alimsimulia Gitobu, alimsimulia jirani, alimsimulia hata mchuuzi wa miraa aliyekuwa akipita na gunia lake. Na Kuno alipopata mashine kuukuu ya kununua akaamua kujitegemea, Kajuju alimpa trei mbili bure na kumwombea baraka, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu alijua yule mtoto angerudi mikono mitupu kabla ya miezi mitatu.

Hakurudi. Kundi lake la kwanza la kuku wa nyama lilifika kilo mbili kasoro kidogo kwa wiki tano. La pili likapita kilo mbili. Kuku wa Kajuju kwa siku hizo hizo walikuwa kwenye kilo moja na robo tatu, na hapo ni baada ya kuwabembeleza. Watu wakaanza kupita mlango wa Kajuju wakielekea nyumba ya tatu, wengine wakigeuza uso upande wa pili wa njia kama wenye kudaiwa.

Basi kijicho kikampata. Wala hakukikana moyoni mwake, maana Kajuju hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kabisa ni kijicho. Kilimpanda asubuhi akiwa anapiga mswaki, kikakaa naye kwenye chai, kikamfuata mpaka bandani. Akisikia Kuno anacheka huko nyumba ya tatu, maini yalimkatika. Akimwona amevaa leso mpya, alihesabu ni kuku wangapi wamelipa leso ile. Kibaya zaidi, Kuno hakuona lolote. Aliendelea kumwita mama, aliendelea kuleta maziwa ya ngamia Ijumaa, na Kajuju aliyapokea, akashukuru, akampa Gitobu.

Mambo yalifika kooni siku Abdirahman alipomwita. Huyu ni mwenye hoteli ya barabara kuu, mtu mnene mwenye sauti ya chini, na kwa miaka tisa alikuwa amenunua kwa Kajuju kuku mia na ishirini kila mwezi, wakiwa hai, ili wachinjwe kwake kwa namna ya dini yake. Wateja wengine wa Kajuju walikuwa wa leo kuku wawili kesho hakuna. Abdirahman ndiye aliyekuwa nguzo. Bila yeye mashine ile ingekuwa kweli kabati la nguo.

"Mama Vifaranga, mimi na wewe ni watu wa siku nyingi," alisema, akimmiminia chai mwenyewe. "Lakini mteja akikaa, anaangalia sahani. Kuku ya Kuno inajaza sahani. Sitaki kukutupa hivi hivi. Tufanye haki. Nyinyi wawili mtie mayai siku moja, kutoka lori moja. Chakula mnunue duka moja. Kuku zikifika siku thelathini na tano, mlete kumi kumi hapa, tupime. Mwenye kuku nzito, mimi ni wake."

Kajuju alimeza chai ya moto bila kuisikia.

Mayai yalifika, mia mbili kwa kila mmoja. Kajuju aliyachagua yake kama anayechagua mchele wa harusi, akayatia kwenye mashine, na kwa siku kumi na saba hakumwamini mtu kugusa hata kitasa cha mlango. Usiku aliota mizani. Alifikiria kujaribu mlonge mwenyewe, na mlonge si siri, umejaa pale nje ya mji, lakini alijua kwamba ujanja haumo kwenye jani. Umo kwenye vipimo: majani mangapi, maji kiasi gani, moto kiasi gani, tone la ukubwa gani. Ungezidisha kidogo, ungeua kizazi. Kuuliza aliona ni sawa na kupiga magoti, na magoti yake kwa Kuno yalikuwa hayakunjiki.

Siku ya kumi na nane, baada tu ya adhuhuri, Kuno alimjia mbio, leso imemteleza kichwani, chupa ndogo ya kijani mkononi.

"Mama, mama yangu ameanguka. Garbatulla. Wamesema nyonga imevunjika. Kuna gari inatoka saa hii."

"Pole sana. Nenda, nenda."

"Mayai yangu." Akainua ile chupa. "Leo ndiyo siku. Kesho mlango wa yai unafunga, kifaranga anaanza kugonga. Sina mtu. Hapa Isiolo nzima hakuna mkono ninaamini isipokuwa yako."

Kajuju alitazama ile chupa. Ilikuwa na joto bado.

"Ukifika mstari wa pili wa hii sindano ndogo, ya wagonjwa wa sukari, basi," Kuno alisema upesi upesi, akimkabidhi vitu vyake kimoja kimoja, sindano, pamba, spiriti, mshumaa. "Unapanguza, unatoboa na pini, unatia pale pale kwa hewa bila kuzama ndani, unaziba na nta. Trei isikae nje dakika kumi. Dawa ni ya mayai mia mbili, sikubakisha hata tone. Mungu akulipe, mama."

Akamkumbatia. Kisha akaondoka akikimbia, na ufunguo wa nyumba yake ukabaki kwenye kiganja cha Kajuju.

Niseme ukweli wa Mungu: Kajuju aliingia kwa Kuno akiwa na nia njema. Alinawa mikono mpaka viwiko. Alitoa trei ya kwanza, akamulika yai la kwanza na tochi, akaona kile kivuli kizima kimejaa na kile chumba cha hewa juu yake, akapanguza, akawasha mshumaa. Alikuwa tayari ameshika pini mtu alipobisha.

Ni mwanamume, ametoka juu huko milimani na pikipiki, kofia mkononi. Akajitambulisha kuwa ni Salesio, anataka vifaranga hamsini.

"Hapa ndipo kwa Mama Vifaranga?"

"Ndiyo mimi," Kajuju alijibu, na tabasamu likaanza kumtoka lenyewe.

Salesio akamtazama juu mpaka chini. "Hapana. Nimeambiwa ni msichana. Mborana. Kuno." Akachungulia nyuma ya bega lake. "Wewe ni mfanyakazi wake?"

Kajuju alimwambia Kuno amesafiri. Akafunga mlango polepole, akasimama mbele ya ile trei, akaiweka pini chini. Mfanyakazi wake. Jina lake lenyewe lilikuwa limeng'olewa mlangoni na kupigiliwa misumari kwenye mlango mwingine, na watu walikuwa wakitoka huko milimani kwa pikipiki kulitafuta.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya kwa utulivu kabisa. Alichemsha maji kwa jiko la Kuno, akatia chumvi chembe, akayaacha yapoe mpaka yakawa na joto la mwili. Yai moja moja, mayai mia mbili ya Kuno, akayapanguza, akayatoboa, akatia maji mpaka mstari wa pili, akaziba na nta. Hakuharibu hata moja. Hata kwenye ubaya ule aliona fahari ya kufanya kazi safi. Kisha akafunga nyumba, akaenda kwake na ile chupa ya kijani, na kabla jua halijatua mayai yake mwenyewe mia mbili yalikuwa yamekunywa.

Alijiambia, "Sijamuumiza. Maji hayaui." Na kweli hayaui.

Vifaranga wakatoka kote kote. Kuno alirudi baada ya siku nne, macho yamevimba, mama yake amelazwa lakini anaongea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuja kwa Kajuju kumshika mikono. Vifaranga mia na themanini na wawili! Hakuwahi kupata idadi hiyo! Alimletea kilo mbili za sukari na kitambaa cha Kiborana, chenye rangi za kupendeza, na Kajuju alikiweka chini kabisa ya sanduku.

Wiki zikaenda. Kajuju aliona tofauti mapema, kuanzia siku ya kumi. Kuku wake walikuwa wakikimbilia chakula kama wanafunzi wa bweni. Miguu minene, vifua vipana. Aliwatazama kwa furaha na kwa hasira pamoja, kwa sababu kila gramu waliyoongeza ilikuwa ikimwambia kwamba yule mtoto alikuwa sahihi.

Siku ya thelathini na tano wakapeleka kumi kumi nyuma ya hoteli. Abdirahman alitundika mizani kwenye boriti, akafunga miguu ya kila kuku kwa kamba ya katani na kusoma kwa sauti. Wa Kuno walikuwa kilo moja na robo tatu, mmoja kilo moja na gramu mia nane. Wa Kajuju wa kwanza alikuwa kilo mbili na gramu mia. Wa pili, mbili na mia na hamsini. Mpishi alipiga mluzi.

"Wazee hawajaisha," Abdirahman alisema, akimpa mkono Kajuju. "Mia na ishirini kila mwezi, kama hizi hizi. Zikirudi kuwa zile za zamani, tutaongea tena."

Kuno alisimama kando, kuku wake wa mwisho amempakata kifuani. Hakulia. Alisema, "Hongera, mama," na lilitoka rohoni, na hilo Kajuju hakumsamehe kwa siku tatu nzima.

Furaha ilidumu siku hizo tatu. Gitobu alilamba vidole nyumbani kwake mwenyewe. Watu walianza tena kusalimia mlangoni. Siku ya nne Kajuju aliketi mbele ya mashine, akatazama mayai ya mwezi uliofuata, yakiwa na siku kumi na mbili, na ndipo lilipomfunukia lile ambalo kijicho hakikumpa nafasi ya kulifikiria. Chupa ilikuwa imekwisha. Vipimo hakuwa navyo. Abdirahman alitaka kuku wa kilo mbili na mia, na yeye alijua kutengeneza wa kilo moja na robo tatu.

Akajaribu. Alikuwa na mayai ishirini kwenye mashine ndogo, yaliyokuwa mbele kwa siku nne. Alichuma mlonge, akautwanga, akauchemsha, akauchuja kwa kitambaa, akakisia kipimo, na siku yao ya kumi na nane akayatilia. Siku ya ishirini na moja alivunja maganda mwenyewe, maana hakuna aliyegonga. Ishirini wote walikuwa wamekufa, vichwa vimekunjwa chini ya mabawa. Akawafukia nyuma ya choo kabla Gitobu hajarudi.

Jioni hiyo hiyo Kuno akaja. Alivaa leso ya kazini, ile ya zamani, na begani alikuwa na mkoba.

"Mama, nimekuja na maneno mawili. Ya kwanza, nataka kuuza mashine, mama yangu anahitaji kutibiwa hiyo nyonga. Ya pili," akatazama chini, "kama uko na nafasi, nirudi kukuoshea trei. Nilivimba kichwa. Zile kuku zangu za mwanzo, naona ilikuwa mayai mazuri tu, bahati. Nikadhani ni akili yangu."

Hilo ndilo Kajuju alilolitamani. Miezi yote ile, akiwa kitandani, alikuwa amelipanga tukio hili neno kwa neno: Kuno mlangoni, Kuno macho chini, Kuno akiomba kurudi. Sasa limekuja lilivyo, na halikuwa na utamu wowote.

"Keti kwanza," alisema. Kisha, akijitia hamnazo, "Lakini hiyo dawa yako ya mlonge, ulikuwa unachanganya aje?"

"Ya nini, mama? Haikufanya kitu."

"Nataka kujua tu."

"Hapana." Kuno alitikisa kichwa. "Mayai yako yako siku ya ngapi, kumi na saba? Nisikuharibie. Wewe umeshinda na mkono yako safi. Nikikupa hiyo takataka yangu halafu watoto wafe, nitakuangaliaje?"

"Nipe tu, Kuno."

"Siwezi, mama. Nakupenda, siwezi."

Kajuju alimwangalia. Hii ilikuwa adhabu gani, kunyimwa kwa upendo? Alitafuta uongo mwingine wa kumzungusha nao na hakuupata. Alichoka. Kijicho nacho ni kazi, na alikuwa ameifanya bila siku ya mapumziko.

"Dawa yako inafanya kazi," alisema.

"Usinitie moyo."

"Sikutii moyo. Zile kuku zangu uliona kwa mizani, hizo ndizo zilikunywa chupa yako. Zako zilikunywa maji na chumvi. Nilibadilisha. Nilifanya kwa mkono yangu hii."

Kuno hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na kilichomjia usoni kwanza haikuwa hasira.

"Zote mia mbili?"

"Zote."

"Mpaka mstari wa pili?"

"Mpaka mstari wa pili."

"Na zangu ulitoboa vile vile, ukaziba vile vile? Siku hiyo hiyo?"

"Jioni hiyo hiyo."

"Wallahi!" Kuno aliruka akamshika mikono yote miwili. "Wallahi inafanya kazi! Mama, gramu mia tatu na zaidi! Mayai ya lori moja, chakula ya duka moja! Inafanya kazi!" Uso wake uliwaka vile ulivyowaka zamani mbele ya tochi, na Kajuju, hata hapo, hata akiwa kama aliyejivua nguo zote mbele yake, alimwonea wivu. Aliionea wivu ile furaha. Yeye alikuwa amependa kuitwa tu. Huyu alikuwa anapenda vifaranga.

Halafu ile mikono ikalegea. Ikaachia kidole kimoja kimoja. Kuno akarudi kwenye kiti.

"Nilikupa ufunguo," alisema.

"Ndiyo."

"Mama yangu alikuwa chini, hawezi kusimama, na mimi kwa gari nilikuwa namwambia Mungu asante kwa sababu yako."

Kajuju alitaka kusema amesukumwa na mtu wa pikipiki, akaona ni upuuzi.

Kuno alifungua mkoba akatoa daftari, gamba limechakaa, kurasa zimejaa siku na uzito. Akageuza mpaka ukurasa mtupu. "Mwalimu wetu alituambia jambo moja," alisema, sauti kavu sasa. "Gawa mayai mara mbili. Nusu tia dawa, nusu tia maji, lea zote sawa. Usipofanya hivyo, huna kitu, una hadithi tu. Mimi sikufanya. Niliona huruma. Nani atawatilia watoto wake maji akijua dawa iko?" Akacheka mara moja, kicheko kifupi kisichopendeza. "Wewe hukuona huruma. Umenifanyia kazi ambayo mimi nilishindwa."

Akaweka daftari mezani, na kalamu juu yake.

"Kesho asubuhi hii inaenda kwa Abdirahman. Ikitoka hapo, inaenda kwa wale walionifundisha. Andika. Mayai ya nani yalipata nini, siku gani, mkono wa nani."

Swali la vipimo lilikuwa bado liko ulimini mwa Kajuju, zima, na mayai yake mia mbili yalikuwa kwenye mashine iliyokuwa ikinguruma chumba cha pili, yamebakiza siku moja kufika ya kumi na nane. Akalimeza. Akavuta daftari.

Aliandika tarehe. Aliandika: mayai mia mbili ya Kuno, maji. Mayai mia mbili yangu, dawa ya Kuno. Kalamu ikasimama hapo.

"Malizia," Kuno alisema, amesimama juu yake, mkoba begani tayari. "Weka jina, Kajuju. Na uandike vizuri, watu watasoma."

Miaka yote ile hakuwahi kulisikia jina hilo kutoka kinywa kile. Akainama, akaliandika.